Nguzo Zinauma

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Nanjala anasema nguzo imemuuma.

Nilicheka. Humu naandika ukweli, basi naandika kwamba nilicheka. Alikuwa anapalilia sukuma chini ya paneli za jua za Spring Valley, miguu mitupu kama kawaida yake, akashika nguzo ili ainuke — akaruka! Jembe huku, yeye kule.

"Mbithe, hii chuma yenu iko na meno," akasema.

Nikamwambia ni siafu. Akanifungulia kiganja. Hakuna siafu, hakuna mwiba, hakuna kitu. Nikaishika ile nguzo mbele yake, mara mbili, nikaipigapiga kama mgongo wa ng'ombe. Sikusikia chochote. "Umeona?" Akanitazama tu, akarudi kupalilia, lakini kwa mbali.

Nilikuwa nimevaa gambuti. Hilo nimelikumbuka nikiwa njiani kurudi Kangemi, nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyeacha jiko likiwaka nyumbani.

Gambuti ni mpira. Stima haipiti.

Jumanne, 4 Agosti

Dukani mjini siku nzima. Wateja walipopungua saa saba nikamwambia Nayan habari ya nguzo. Alikuwa anakula nyuma ya kaunta, gazeti mbele yake.

"Hiyo ni kama kuvua sweta ya sufu," akasema. "Inakupiga kidogo, basi. Stima ya jua haiui mtu, Mbithe."

Nilitaka sana kumwamini. Nayan si mtu mbaya. Maduka mengine yote niliyoingia na cheti changu niliulizwa kama najua kupika chai. Yeye alinipa bisibisi na pampu iliyokufa, akasema, niamshie hii. Nikaiamsha. Tangu siku hiyo mimi ni fundi wake.

Na shamba ni ndoto yake. Nyuma ya nyumba ya shangazi yake, Mama Urvashi, kule Spring Valley, kulikuwa na nyasi tu na ua wa kayaba. Mwezi wa tatu tulisimamisha nguzo za chuma na kuweka paneli kumi juu yake, juu kuliko kichwa cha mtu, tukapanda mboga chini. Paneli zinavuta maji kisimani, na kivuli chake kinafunika mboga. Majirani walicheka — sukuma gizani! Sasa hawacheki. Mvua imekataa mwaka huu. Maji ya mfereji yanakuja yakitaka. Stima nayo tunaambiwa itagawanywa kwa zamu. Na sukuma zetu za kivulini ni pana kama sinia, wakati zile tulizopanda nje juani, kwa mbegu ile ile na maji yale yale, zimejikunja kama karatasi iliyokaribia moto.

Tarehe ishirini wanakuja wageni wa shirika fulani lenye ofisi Hurlingham. Wakipenda wanachokiona, watajenga mashamba arubaini kama haya Ukambani. Mbooni imo. Mbooni kwetu! Nayan amesema mimi ndiye nitakuwa fundi mkuu. Mama alipiga simu Jumapili: ng'ombe wa pili amelala na hakuinuka.

Kwa hivyo nilimwamini Nayan. Hadi saa kumi hivi. Halafu nikakumbuka jinsi nilivyozifunga. Paneli moja unaweza kuishika kwa mikono mitupu na usisikie kitu. Lakini kumi, zikiunganishwa moja nyuma ya nyingine kama mabehewa ya treni — hiyo ni nguvu kama ya soketi ya ukutani. Niliziunganisha mwenyewe. Najua.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimepima.

Asubuhi kulikuwa na mawingu, baridi ya Agosti. Saa tano jua likatoka. Nanjala alikuwa ameshafungulia maji, mistari imelowa. Nikachomeka waya mmoja wa mita ya stima kwenye tope, mwingine nikaugusisha kwenye nguzo ya tatu.

Volti mia moja sitini na mbili.

Nikasema mita imeharibika. Ni ya bei rahisi, betri yake imechoka. Nikapima tena. Mia moja sitini na tano! Nikaenda kupima mahali pakavu, karibu na ua — kidogo tu. Nikarudi kwenye tope. Mia moja sitini.

Sijui kwa nini sikutosheka. Nikavua gambuti, nikavua soksi. Tope lilikuwa baridi. Nanjala alisimama na ndoo yake akinitazama. Fundi hagusi kwa kiganja, maana stima hufunga vidole, na vidole vikifungwa juu ya chuma haviachi. Unagusa kwa mgongo wa mkono. Nikagusa kwa mgongo wa mkono.

Haikunitetemesha kama stima ya nyumbani. Ilinigonga. Mara moja, kuanzia mkononi hadi kwenye nyonga, kama mtu aliyenipiga rungu kutoka ndani. Nikajikuta nimekaa kwenye dania. Meno yamegongana, damu mdomoni.

"Sasa wewe unaamini," Nanjala akasema. Hakusema kwa ubaya. Alinishika kwapa akaniinua.

Nikakimbia kuzima swichi ya pampu. Maji yakasimama. Nikapima nguzo.

Mia moja na sitini.

Nilizima pampu na chuma bado kiko hai.

Ijumaa, 7 Agosti

Sikwenda. Nimesema naumwa na tumbo.

Nanjala yuko kule sasa hivi, miguu mitupu.

Jumamosi, 8 Agosti

Nilikwenda Kawangware kwa Mzee Gerishon. Yeye ndiye mwenye leseni. Mimi nilimaliza kozi lakini mtihani wa leseni sikuufanya, nilisema nitaufanya mwaka ujao, na mwaka ujao ukapita. Kwa hivyo karatasi ya kazi ya Spring Valley ina sahihi ya Gerishon. Inasema aliikagua. Hajawahi kukanyaga pale. Nayan humletea karatasi, naye hutia sahihi. Ni mzee, macho yamepungua, siku hizi anatengeneza redio mlangoni kwake.

Alinisikiliza huku anachoma waya wa redio. Halafu maswali.

"Waya wa ardhini uko?"

"Hakuna. Nayan alisema stima ya jua haihitaji."

"Na wewe ulijua nini?"

Nilijua. Tulifundishwa. Lakini ardhi pale ni mawe, nondo ilikuwa inakataa kuingia, na Nayan alitaka kuona maji yakitoka siku ile ile.

"Pampu iko ndani ya kisima?"

"Ndiyo."

"Waya wake ulipouunga, ulifunga na nini?"

"Tepu."

Akaweka chini kile chuma chake cha kuchomea. "Tepu," akasema. "Kisimani."

Alinieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Stima imevuja mahali pawili. Upande mmoja unavuja kisimani, kwa sababu ya tepu yangu. Upande mwingine umegusa chuma, mahali fulani ambapo waya umechubuka. Pande mbili zinatafutana. Mtu akisimama kwenye tope na kushika nguzo, amezikutanisha. "Yeye ndiye waya sasa," akasema.

"Lakini nilizima pampu!"

"Umezima pampu. Jua ulilizima?"

Dawa yake anaijua. Paneli zifunikwe zote kwa turubai, pampu itolewe, kiungo cha waya kifungwe upya kwa gundi isiyopitisha maji, waya wote ukaguliwe, nondo ipigwe ardhini hata kama ni kwa siku nzima. Siku mbili, watu wawili.

Nikamwomba aje. Alitazama vidole vyake. Alisema, "Nikionekana pale, mwanangu, wataniuliza mara ya kwanza nilikuwa wapi." Mkewe alikuwa anapepeta mchele pale pale. Hakuinua kichwa, lakini ungo ulisimama.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimemwambia Nayan kila kitu. Nimemwonyesha namba za mita. Safari hii hakuzungumza habari za sweta.

Alifunga mlango wa stoo. Alisema siku mbili bila maji, siku kumi kabla ya wageni, mboga zitalala. Nikasema hazitalala, chini ya kivuli zinavumilia. Alisema na paneli zikifunikwa, majirani wataona, maneno yatafika Hurlingham. "Baada ya tarehe ishirini, Mbithe. Siku inayofuata. Nakuahidi." Halafu akatoa gambuti mpya kwenye boksi, akasema mpe Nanjala.

Nilipokea. Nilisema asante!

Ni saizi ya mwanamume. Nanjala alizivaa akapiga hatua tatu, tope likakamata moja, akatoka mguu mtupu kama samaki. Akacheka hadi akashika mbavu. Nikamwambia asicheke. Nikamsihi — naapa nilikuwa karibu kumpigia magoti. Aliniambia mguu wake ndio unaomwonyesha mche uko wapi, na kwamba yeye sasa anajua zile nguzo, hatazishika.

Nikamfundisha: usishike chuma, usiegemee chuma, usitundike lesso kwenye chuma. Alikariri kama wimbo wa shule.

Jumatano, 12 Agosti

Moti amekufa.

Moti ni mbwa wa Mama Urvashi, yule mweusi mwenye sikio moja lililolala. Nilifika saa sita nikakuta Mama Urvashi amesimama kwenye nyasi na sari yake imeloa chini, na Nayan ameshafika kutoka mjini, na mbwa amefunikwa gunia. Nayan alikuwa anasema sumu. Alisema wezi wanatupa nyama yenye sumu juu ya ukuta ili usiku waingie, imetokea kwa majirani. Alisema haraka sana. Hakunitazama.

Mama Urvashi alilia bila sauti. Hana watoto nyumbani, wote wako ng'ambo. Kila asubuhi yeye na Moti wanakuja pamoja kuchuma dania, yeye na champali zake za mpira, Moti mbele.

Nanjala alinivuta nyuma ya kisima. Aliona. Moti aliinua mguu kwenye nguzo ya tatu kama anavyofanya kila siku. Alilia mara moja tu. Hata mguu hakuushusha.

"Nisiseme?" akaniuliza.

Nikamwambia asiseme bado. Bado! Neno gani hilo.

Alhamisi, 13 Agosti

Mwau amefukuzwa.

Mwau ni soja wa getini, mtu wa Kibwezi, ana miaka tisa pale. Nayan alisema kama sumu ilitupwa basi soja alikuwa amelala au alikuwa na wezi. Mwau alisimama na mfuko wake wa nailoni na redio yake ndogo. Hakubishana. Alipofika kwangu alinisemesha Kikamba, chini chini. Alisema: dada, wewe hupita hapa asubuhi mapema, umewahi kunikuta nimelala?

Nikasema sijawahi.

Alisubiri. Alidhani nitageuka nimwambie Nayan hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwa sauti. Nilitazama viatu vyangu. Akaenda.

Nimeandika sentensi hiyo, sasa siwezi kuifuta. Nilitazama viatu vyangu.

Jumapili, 16 Agosti

Nimefanya peke yangu! Mama Urvashi alikwenda hekaluni na dereva, Nayan Jumapili hafiki. Soja mpya alinifungulia, hajui lolote. Nilikuwa na maturubai niliyoazima kwa jirani mwenye kibanda cha mitumba. Nikafunika paneli moja baada ya nyingine, nikifunga kwa kamba, ngazi inatikisika, moyo unatikisika zaidi. Ya mwisho ilipofunikwa nikapima nguzo. Sifuri. Nilikaa chini nikapumua kama mtu aliyetoka majini.

Halafu nikafuata waya kwa vidole, hatua kwa hatua. Nikaukuta. Juu ya nguzo ya tatu, pale chuma kilipokatwa kwa msumeno na makali yake hayakupigwa tupa. Waya umelala juu ya makali, upepo unautikisa tangu mwezi wa tatu, mpira wake umekatika na shaba inang'aa. Nilikumbuka ile siku. Ilikuwa saa kumi na moja, mawingu yamekuja, tupa ilikuwa ndani ya gari. Nilisema nitarudi kesho nipige tupa.

Nikapiga tupa leo. Nikafunga waya, nikaufunika na mpira. Nikafunua paneli zote. Jua kali. Nikapima kwenye tope.

Kumi na moja!

Nilicheka peke yangu. Nilishika nguzo. Nilishika kwa kiganja!

Jumatatu, 17 Agosti

Mia moja na arubaini.

Nguzo ya saba safari hii. Kuna mahali pengine. Waya ule umepita ndani ya bomba, sioni. Na kisima bado kinavuja.

Jana nilimwambia Nanjala kwa simu, sasa ni salama. Nimemkuta ameegemea nguzo ya pili anakunywa uji. Nilipiga kelele, uji ukamwagika. Alinikasirikia sana. Alisema leo ndiyo kesho siyo, mimi ninamchezea. Alisema ana watoto watatu.

Jumanne, 18 Agosti

Nayan alinituma Hurlingham na bahasha ya wageni. Sikufungua njiani. Nilifungua kwenye ngazi za jengo lao. Picha za sukuma zetu, hesabu ya maji, na karatasi ya Gerishon: imekaguliwa, hakuna hitilafu. Sahihi yake ile ya mkono wa mzee, inapanda na kushuka.

Msichana wa mapokezi, Njambi kwa jina, ni mchangamfu. "Sasa! Nyinyi ndio wa mboga za kivuli? Bosi wangu anaongea tu kuhusu hiyo shamba." Akanipa kitabu nitie sahihi kwamba nimeleta. Nikashika kalamu. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa kioo na mama mmoja mrefu anazungumza kwa simu. Ndiye bosi, Njambi akasema, madam Milcah, unataka kumsalimia?

Mlango ule ulikuwa hatua sita. Nilizihesabu.

Nilisema nina haraka. Nikatia sahihi nikashuka. Nimetembea kutoka Hurlingham hadi mjini kwa miguu, sikumbuki nilipitia wapi.

Kama Mbooni watapata mashamba haya, ni mama yangu atakayesimama kwenye tope. Mama yangu havai viatu shambani.

Jumatano, 19 Agosti

Nimemwambia Mama Urvashi.

Sikupanga. Alikuwa anachuma dania peke yake, polepole, na akainama kidogo mahali Moti alipolala, na mdomo wangu ukafunguka. Nikasema Mama, haikuwa sumu. Nikamweleza yote. Nguzo, tope, tepu, tupa. Nikasema Mwau hakulala.

Dania ilikuwa bado mkononi mwake.

"Wewe ulijua siku ile ile?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwau akitoka getini, wewe ulikuwa hapa."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige au anifukuze. Alisema tu, "Na mimi naingia hapa kila asubuhi." Akatazama champali zake. Akaingia ndani, nikamsikia kwenye simu, Kigujarati, sauti ikipanda.

Nayan alifika baada ya saa moja. Walizungumza barazani. Anamwita Foi, ndivyo wanavyomwita shangazi. Sielewi lugha yao lakini niliona alivyoinama, mikono mbele, akiahidi. Mama Urvashi alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie, kwamba Mwau arudishwe leo. Nayan akasema ndiyo. Tumepiga simu ya Mwau mara nne. Mteja hapatikani.

Halafu akanifuata kisimani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema kesho saa nne pampu itawaka kama ilivyopangwa, Nanjala atavuna mbele ya wageni, amevaa gambuti, wageni watasimama kwenye nyasi kavu. Nusu saa tu. Kesho kutwa nitoe pampu, nivunje shamba lote nikitaka. Akasema, "Nimeweka kila kitu changu hapa, Mbithe. Na vijana wote wa duka pia wanakula hapa." Akasema Gerishon ni mzee, jela si mahali pa mzee.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Alikuwa ameshafikiria yote hayo.

Alhamisi, 20 Agosti

Saa moja asubuhi. Nimefika kabla ya mtu yeyote. Paneli zote kumi nimezifunika. Nimefunga kamba mafundo mawili mawili. Nimepima: sifuri. Nimekaa chini ya ngazi. Nanjala amekuja, ameona, ameniletea chai.

Saa tatu. Nayan amefika. Alisimama akatazama maturubai, uso ukabadilika rangi. Alisema toa. Nikasema hapana. Sijawahi kumwambia hapana. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Akasema toa, Mbithe, wako njiani. Nikasema waambie zinasafishwa. Waambie lolote. Amekwenda barazani anapiga simu, sijui anampigia nani. Mawingu yanapasuka, jua linakuja.

Saa sita kasoro. Naandika haya getini, kwenye kiti cha soja. Nimeambiwa ningoje hapa. Naandika ili mikono ipate kazi.

Walikuja watatu, na madam Milcah mbele. Amevaa viatu vya wazi. Nayan aliwapokea kwa kicheko, akasema tumefunika kwa sababu ya vumbi, mtaona sasa hivi, akapanda ngazi yeye mwenyewe na suti yake. Turubai la kwanza likaanguka. La pili. La tatu. Kila linaloanguka ni paneli moja imeamka, na mimi nahesabu volti, ishirini, arubaini, sitini. Nikamwambia ashuke. Akacheka, akawaambia wageni huyu ndiye fundi wetu, anapenda sana kazi yake.

Ilikuwa wasimame kwenye nyasi. Nani atasimama kwenye nyasi! Madam Milcah aliona zile sukuma akaingia moja kwa moja mistarini, viatu vikizama, anashika majani, anamwuliza Nanjala huwa wanavuna mara ngapi. Udongo una maji ya jana. Turubai la saba. La nane. Nanjala alikuwa amerudi nyuma, ananitazama mimi, macho makubwa. Yule mama akateleza kidogo, akanyoosha mkono kwenye nguzo.

"USISHIKE!"

Nadhani walinisikia hadi barabarani. Mkono ukasimama hewani.

"Kwa nini nisishike?" akaniuliza. Mimi, si Nayan.

Nayan akasema kutoka juu, "Ni rangi, madam. Rangi haijakauka."

Madam Milcah akatazama nguzo. Ina kutu kutoka juu hadi chini. Akanitazama.

"Ni rangi?"

Nikasema si rangi. Nikasema iko na stima. Nikasema tafadhali toka kwa njia uliyoingilia, polepole, usiguse kitu. Akatoka. Nikapanda upande wa pili wa ngazi nikarudisha maturubai, na Nayan alibaki pale juu ameshika kamba.

Sasa wako barazani. Mama Urvashi amewapa chai, ndivyo alivyo. Nasikia sauti ya Nayan, kisha kimya, kisha yake tena. Nanjala amekaa hapa chini kando yangu, anasugua tope kwenye nyayo. Ameuliza kama tutafukuzwa. Nimesema mimi, ndiyo. Amesema basi twende wote. Sijui kama anatania.

Madam Milcah ametoka na faili. Amekuja hadi hapa getini. Hajakasirika, na hilo linanitisha zaidi. Amefungua ile karatasi, kidole chake kiko kwenye sahihi. Ameuliza huyu mkaguzi alisimama wapi siku alipokagua. Nimemwambia mimi ndiye niliyefunga waya, kila waya. Amesema amesikia, na ataandika hivyo, lakini swali lake ni juu ya huyu.

Anataka nimpigie Gerishon sasa hivi, mbele yake.

Nimepiga. Imeita hadi ikakatika. Mungu anisamehe, nimefurahi. Nimesema hashiki, labda ameiacha ndani. Madam Milcah amesema hana haraka. Amesimama, anatazama jua likipiga juu ya maturubai.

Simu inalia mkononi mwangu. Ni Gerishon, bila shaka anapiga kuuliza nilikuwa nataka nini.